Kutoa Tumbo

Jumamosi, 4 Oktoba

Daktari Sellah ameniambia niandike kila siku: nimeenda choo mara ngapi, damu ni nyingi au kidogo, nimekula nini. Daftari nimenunua. Hesabu ya choo sitaandika, mimi si karani wa mavi. Nitaandika linalonijia, na akitaka kusoma asome.

Likipotea, atakayeliokota ajue ni la Nyaruai wa mahindi na maharagwe, soko la hapa Kwanza, mke wa Wangila. Alirudishe bila kusoma. Najua atasoma.

Kwa miaka miwili nilitibiwa taifodi ambayo sikuwa nayo, kisha amiba, kisha taifodi tena. Ndipo Daktari Sellah wa Kitale akanipitishia kamera akaona utumbo mpana wote umechubuka kama goti la mtoto aliyeanguka. Kolaitisi, akasema. Mwili wako unaupiga utumbo wako wenyewe bila sababu. Nikamwambia basi nimeolewa na mwili mbaya. Hakucheka. Akanipa vidonge vidogo vyeupe, mimi naviita predi, na tangu Agosti naishi kwa vidonge hivyo.

Predi imenivimbisha. Uso umekuwa sahani na tumbo limejaa mbele. Sokoni wananipongeza kwamba ndoa imenikubali. Siku hiyo hiyo nimetoka kuvuja damu nyuma ya ghala, napongezwa kwa kunona.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua, na hii ni mavuno. Mahindi yamesimamishwa shambani yanalowa. Damu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo nimemchoma mtu.

Ni Gathii, dalali. Kila msimu anakuja na kile chuma chake kilichochongoka, anatoboa gunia, anavuta punje, anazitafuna na kusema ni mbichi. Nimemvumilia miaka mingi. Leo alitoboa la kwanza, la pili, na alipoinama kutoboa la tatu alisema bila kuniangalia, "Nyaruai, haya umeyakojolea?" Watu wakacheka.

Sikumbuki kuamua. Chuma kilikuwa mkononi mwake, kisha kikawa mkononi mwangu, kisha kikawa kwenye paja lake. Kiliingia kwa urahisi kuliko kwenye gunia. Suruali ikawa nyeusi, akaanguka juu ya mahindi yangu akipiga kelele, na mimi nilitaka kukichomoa nimpe tena. Naandika kweli, nilitaka. Kui jirani yangu wa nyanya ndiye aliyenishika kiuno na kunivuta nyuma.

"Wee, ni nini imekuingia? Utaua mtu!"

Wangila alimpeleka Gathii akashonwe na akaomba msamaha kwa niaba yangu. Huyo ndiye Wangila. Akikanyagwa mguu, yeye ndiye husema pole. Jioni nilimuuliza kama ananiogopa. Akasema, "Dawa ndiyo ilichoma, si wewe." Nilipenda jibu hilo, kisha nikalichukia kabla hajamaliza chai.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mama yake Wangila ametuma vitu kutoka kwao Bokoli: unga wa wimbi, kuku wawili, mboga za kienyeji zimefungwa kwa majani ya ndizi. Kisha akapiga simu. "Mama, unakura vizuri? Usibebe magunia. Rara mapema."

Nilitoa simu sikioni nikaiangalia. Tangu niolewe, kwa huyu mama mimi ni "yule Mkikuyu wa Wangila." Alikuja kututembelea Septemba, akanitazama sana, akaondoka anatabasamu. Sasa ananihimiza nilale mapema. Nilimuuliza Wangila kuna nini. Akasema mtu hubadilika, akaenda kufunika mahindi ambayo yalikuwa yameshafunikwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimempiga Wangila kofi kwa sababu ya chumvi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kitale. Nilimwambia Daktari Sellah kuhusu paja la Gathii na kuhusu kofi. Akaacha kuandika.

"Hiyo ni predi, sehemu yake kubwa. Inafanya hivyo kwa wengine. Na hata na hayo yote, bado unavuja. Kwa hivyo tuongee ukweli, mama. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuendelea na dawa. Hii nitaipunguza polepole, huwezi kuikata ghafla. Nitakuwekea nyingine ya kutuliza mwili, nayo inachukua miezi kushika. Ikikataa, tutajaribu sindano za Eldoret. Wako watu wamepata nafuu nazo."

"Na ya pili?"

"Kisu. Tunatoa utumbo mpana, ugonjwa unaenda nao. Utumbo mwembamba tunautokezea hapa, kando ya kitovu, unavaa mfuko."

"Mfuko wa nini?"

"Wa choo."

"Mpaka lini?"

"Pengine maisha. Pengine baadaye tukuunganishe ndani. Huko kuunganisha ndiko kunaweza kukusumbua kushika mimba. Hii ya kwanza haigusi kizazi."

Aliendelea kueleza, lakini mimi nilibaki kwenye mfuko. Miaka sita ya ndoa, bila mtoto, na sasa niende Bokoli Krismasi nikiwa nimening'iniza mavi kiunoni. Nikamwambia anipe vidonge. Akanipa, akasema nirudi Jumatatu ya tarehe tatu Novemba, na kama hakuna nafuu anilaze siku hiyo tuamue nikiwa kitandani.

Nilimweleza Wangila yote. Akauliza kama kisu kinauma. Nikamwambia ajaribu kwanza yeye.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu. Sijaenda popote mbali na choo. Mama Bokoli amepiga tena: "Usiogope, mwana wangu. Mungu amekumbuka nyumba yetu." Mwana wangu. Nilijifungia ghalani nikalia kwa furaha, mimi Nyaruai, kwa ajili ya maneno mawili. Nikajiambia kama ugonjwa ndio umemlainisha huyu mama, basi ugonjwa una kazi.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua haiishi. Mahindi yameanza kuota kwenye gunzi. Nimevunja sahani zote za bati, kama sahani ya bati huvunjika. Nimezipinda. Damu ni nyingi kuliko juzi. Ile dawa mpya bado haijashika.

Jumamosi, 1 Novemba

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba, na kalamu inaruka. Nitaandika yote.

Asubuhi nilikuwa ghalani peke yangu, Wangila amekwenda kutafuta mashine ya kupukuchua. Akaingia Wepukhulu, kaka yake mkubwa, kutoka Bokoli. Nikamwambia karibu shemeji, mbona hukupiga simu. Akafunga mlango kwa ndani.

"Jumatatu unaenda wapi?"

"Hospitali, Kitale."

"Kufanya nini?"

"Si unajua mimi ni mgonjwa? Daktari anataka..."

Kofi la kwanza lilinitupa kwenye magunia. La pili lilikuja na ngumi. Ni mtu mkubwa, amepakia malori tangu ujana, na anapiga anavyopakia, kwa mpangilio. Alinipiga kichwani, begani, mgongoni. Nilipoanguka alinipiga teke la paja na la mguu. Jino moja nililimeza. Huku anasema maneno yale yale tu, "Hutatoa. Umesikia? Hutatoa." Mimi nadhani ni wazimu, nadhani amekuja kuiba, nadhani ni Gathii amemtuma.

Kisha nikajikunja nikimwonyesha upande wa tumbo, kwa sababu mgongo ulikuwa umekufa. Akasimama. Mguu ulikuwa umeshainuliwa, akaurudisha chini. Akanishika nywele, akanigeuza polepole, kwa uangalifu, akaendelea na mgongo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Yule mtu alinipiga kila mahali isipokuwa tumboni.

"Hiyo mtoto si yako peke yako," akasema akihema. "Ni ya nyumba ya baba yetu. Wangila mwenyewe aliambia Mama kwa simu ati daktari anataka kukutoa tumbo. Sisi hatuzai watu wa kutupwa."

Kutoa tumbo. Daktari alisema utumbo, mimi nikamwambia Wangila utumbo, na yeye akamwambia mama yake tumbo, kama wote huku wanavyosema, utumbo ni tumbo, kizazi ni tumbo, mimba ni tumbo. Nilianza kucheka na damu mdomoni. Nadhani kicheko kilimuudhi kuliko tusi lolote. Aliinama anizibe mdomo, na mkono wangu ukapata panga la kukatia mabua.

Nilimkata mkono. Sikulenga mkono. Nililenga shingo, na yeye akainua mkono. Niliona nyama nyeupe kabla ya damu kuja. Alitoka mlangoni anapiga mayowe kwa Kibukusu, nami nikamfuata mpaka kwenye tope, nikianguka na kuinuka, panga juu, na soko lote limesimama. Kama ningemfikia, leo ningekuwa naandika kutoka kituo cha polisi. Magoti yalinikatalia. Kui alinivua lile panga kidole kwa kidole.

Wangila alirudi adhuhuri. Nilimkalisha kwenye gunia.

"Mama yako anadhani nina mimba. Tangu lini?"

Akaanza kung'oa uzi wa gunia.

"Tangu lini, Wangila?"

"Septemba. Aliona vile umejaa. Akaniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia ndiyo."

"Ukamwambia hapana?"

"Alikuwa amefurahi," akasema. "Nyaruai, hujawahi kumwona amefurahi hivyo. Nilisema nitamwambia wiki ijayo. Halafu wiki ijayo. Juzi nikajikaza, nikamwambia ni mambo ya tumbo, daktari anataka kuitoa. Simu ikakatika."

Wimbi, kuku, rara mapema, mwana wangu. Vyote vilikuwa vya mtoto wa predi. Nilimwangalia huyu mume wangu mpole na nikaona upole wake ni woga uliopigwa pasi. Gathii alinitukana mbele ya watu, Wepukhulu amening'oa jino, lakini ni huyu aliyeniumiza. Sikumpiga. Sikuwa na mkono wa kumpigia.

Jumanne, 4 Novemba

Jana sikwenda kwa Daktari Sellah. Nilisema nitamaliza Bokoli kwanza. Leo naandika nikiwa nimelazwa Kitale, sindano ya maji mkononi. Nieleze nilivyofika hapa.

Jana nilimlazimisha Wangila anipeleke kwa mama yake. Nilitaka nisimame katikati ya boma, uso wangu uliovunjika uonekane, niseme mbele ya wote kwamba hakuna mtoto, kisha nitemee mate na niondoke kwenye ndoa hii. Maneno niliyapanga njia nzima tangu Kitale mpaka tukapita Webuye.

Mama alikuwa uani anatwanga wimbi. Wepukhulu amekaa kwenye ngazi, mkono umefungwa bendeji hadi kiwiko. Mama aliuona uso wangu, mchi ukamtoka. Kumbe hakujua. Alimtuma Wepukhulu aje anizuie kwa maneno, na Wepukhulu alirudi akasema alianguka juu ya panga.

"Ni nani amekufanya hivi?"

Nilifungua mdomo niseme. Badala ya maneno tumbo likanikata kama limeshikwa na koleo, nikaanguka magoti, na damu ikashuka. Haikuwa damu ya kawaida ya chooni. Ilishuka miguuni, ikapita kwenye sketi, ikaingia kwenye udongo mbele ya watu wote.

Mama alipiga ukemi. Akatazama damu, akatazama uso wangu, akamtazama Wepukhulu na bendeji yake. Aliunganisha mambo mwenyewe, na kila kimoja alikiunganisha vibaya.

"Umeua mjukuu wangu."

Akaokota mchi. Ni mama wa umri wa kukaa na kupumzika, lakini ametwanga maisha yake yote. Wa kwanza ulimpata Wepukhulu begani, wa pili mbavuni, nikasikia mbavu. Yeye hakukimbia. Lile jitu lilipiga magoti kwenye tope mbele ya mama yake, likaweka mkono mzima juu ya kichwa, likawa linalia, "Mayi, sikugusa tumbo. Naapa sikugusa tumbo." Na mama anapiga.

Wangila alinitazama. Macho yake yalisema, sema. Neno moja tu, nami nilikuwa nalo mdomoni. Nilinyamaza. Nililala ubavu kwenye damu yangu na nikalihesabia jino langu kila pigo. Yeye pia alinyamaza. Lakini yeye alinyamaza kwa kuogopa na mimi nilinyamaza kwa raha.

Jirani mmoja ndiye aliyetuletea gari la kutufikisha hapa Kitale.

Alhamisi, 6 Novemba

Dawa kwenye mshipa, predi ya maji. Homa. Natoka damu tupu sasa, hata kinyesi hakuna. Mgonjwa wa kitanda cha pili ameomba ahamishwe kwa sababu namtukana usingizini.

Ijumaa, 7 Novemba

Daktari Sellah amekaa kitandani kwangu, jambo ambalo hafanyi.

"Dawa ya mshipa imekataa. Nimeangalia picha, utumbo umevimba, unaweza kupasuka. Kuna ile sindano kali, naweza kuiagiza kutoka Eldoret leo, tuipe siku chache. Kwa wengine inaokoa utumbo. Ama tuingie theatre kesho asubuhi. Nikikuambia nitakalo mimi, ni kesho. Lakini tumbo ni lako."

"Utumbo," nikasema. "Useme utumbo, daktari. Usikose hiyo u."

Safari hii alicheka.

Mchana nilifikiria. Tangu Oktoba nilichagua vidonge kwa sababu ya uso wa watu: nisionekane na mfuko Bokoli, nibaki mke anayetamanika. Sasa Bokoli wameniona nimelala kwenye damu. Sura ya kulinda sina tena. Na yule mama aliyeniita mwana wangu alikuwa akimwita mtu mwingine, ambaye hayuko. Kilichobaki ni swali dogo, kama nataka kuishi, na nilishangaa jinsi nilivyolitaka kwa hasira. Nataka. Nataka hata nikiwa na mfuko, hata nikiwa peke yangu, hata Gathii akinicheka soko zima.

Wangila alikuja saa ya kuona wagonjwa. Ameshikilia kofia.

"Kesho nakatwa," nikamwambia. "Hilo ni langu na nimeshaweka sahihi. Wewe una kisu chako. Utaenda Bokoli leo, utasimama mbele ya mama yako na mbele ya Wepukhulu, utasema hakukuwa na mtoto na kwamba ulijua. Usiseme dawa. Usiseme simu ilikatika. Kama huwezi, usirudi hapa nikiamka."

"Mama ataniua."

"Basi tutakuwa tumekatwa wawili."

Alivaa kofia, akaenda. Sijui ameenda wapi. Naogopa kesho. Naogopa sana, hata maandishi haya nayaona ni ya mtu mwingine.

Jumatano, 12 Novemba

Niko hai. Nina mshono kutoka juu ya kitovu kwenda chini na upande wa kulia utumbo umechungulia nje, mwekundu na unyevu, ukifunikwa na mfuko. Muuguzi alinifundisha kuusafisha. Mara ya kwanza nilitapika. Leo nimeusafisha nikimtukana muuguzi, na amesema hiyo ni nafuu. Kuna maumivu, lakini ni ya mshono. Yale mengine, ya kukatwa na koleo, hayapo. Nayasubiri yaje na hayaji.

Predi wanaipunguza. Nilidhani hasira itaondoka yote. Imebaki kiasi, nadhani hii ni yangu.

Ijumaa, 14 Novemba

Asubuhi Wangila ameingia, jicho moja limefumba, mdomo umepasuka. Nyuma yake mama yake. Sikuuliza alikuwa wapi siku hizi zote, uso wake ulishasema.

Mama hakunisalimia. Alivuta kiti, akakaa, akafunua shuka bila kuniomba, akaangalia mfuko. Nilikaza mwili nikisubiri. Aliweka kiganja juu yake, polepole.

"Iko na joto," akasema.

"Ndiyo, Mayi."

"Huyu nimempiga." Alimwonyesha Wangila kwa kidevu. "Mwongo. Miezi yote naombea hewa."

Nilimwambia na mimi nina langu. Nilimwambia siku ile nilijua hakuna mtoto, nikamwacha ampige Wepukhulu na kumvunja mbavu kwa kosa ambalo hakulifanya. Alifikiri.

"Alikupiga ama hakukupiga?"

"Alinipiga."

"Basi hiyo mchi haikupotea."

Kisha akamgeukia Daktari Sellah aliyekuwa anapita na wagonjwa wengine, akamwuliza hiyo kitu waliyoitoa iko wapi. Daktari akasema kipande kimeenda maabara, kingine bado kipo, kitachomwa. Mama akasimama.

"Hakuna kuchoma. Mtu akikatwa mguu hamwapi watu wake wakazike? Nipatie hiyo. Itakwenda Bokori."

"Mama, ni utumbo tu. Ulikuwa mgonjwa."

"Najua ni tumbo tu, nimeambiwa, mimi si mjinga. Imetoka kwa mtu wetu. Sisi hatutupi."

Mtu wetu. Safari hii hapakuwa na mimba ya kulipia maneno hayo. Nilitaka kulia, lakini kulia kunavuta mshono, kwa hivyo nilikasirika. Nikamwambia sawa, auchukue, lakini kama ni kuzika, shimo achimbe Wepukhulu, na mbavu zake hizo, na mkono wake huo niliomkata. Mtu mwingine asiguse jembe.

Mama alinifunika shuka, akalikunja vizuri pembeni ili lisiguse mfuko.

"Nimemwacha anachimba," akasema.